Mwisho wa Jina: Ritifaa, Daftari na Kichanganuzi katika Historia ya Masisi na Walikale

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hufundishwa mapema kuchanganua sentensi kwa vistari, kwa jedwali au kwa matawi, na mapema vilevile hugundua kwamba ziko sentensi zinazokubali uchanganuzi zaidi ya mmoja. Tukisema kwamba Juma alimpigia Asha mpira, msikilizaji anaweza kuelewa kuwa mpira ulipigwa kuelekea kwa Asha, au kwa niaba yake. Katika mazungumzo utata huo hauna madhara makubwa, kwa kuwa msikilizaji ana macho, ana kumbukumbu, na ana ulimi wa kuuliza. Maandishi hayana bahati hiyo. Aliyeandika amekwisha ondoka, na msomaji amebaki na alama za wino peke yake.

Makala haya yanahusu msomaji wa aina ya pekee, yaani kichanganuzi cha kompyuta: ile sehemu ya programu ambayo hupokea mfuatano wa herufi, huukata katika vipashio, kisha huamua kipi ni jina, kipi ni amri na kipi ni data tupu. Kosa linalozungumziwa lilisahihishwa mwezi wa Mei 2006 katika PostgreSQL, mfumo wa kanzidata ulio programu huria, yaani ambao msimbo wake umeachwa wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Huenda msomaji akauliza kosa hilo lina uhusiano gani na teritwari za Masisi na Walikale katika Kivu Kaskazini. Jibu ni kwamba kosa lenyewe lilihusu swali ambalo daftari za milima ile zimeliuliza kwa muda mrefu kuliko kompyuta yoyote, nalo ni hili: nani mwenye haki ya kuamua neno lililoandikwa linaishia wapi na linamaanisha nini?

Majina ya milimani

Masisi na Walikale ziko magharibi ya Goma. Masisi ni nchi ya vilima vya malisho, ng'ombe na jibini, na Walikale ni kubwa zaidi, yenye misitu mizito inayoshuka kuelekea bonde la mto Kongo. Masisi imegawanyika katika chifu mbili, za Bahunde na Bashali, na sekta mbili, za Osso-Banyungu na Katoyi. Walikale ina sekta mbili, Bakano na Wanyanga. Humo husemwa Kihunde, Kinyanga, Kikano, Kinyarwanda na lugha nyinginezo, ilhali Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu sokoni na barabarani, na Kifaransa ndicho kinachoandikwa ofisini. Basi jina la kijiji hupita mikono mingi kabla ya kufika katika karatasi: hutamkwa na mwenyeji kwa Kihunde, husikiwa na karani anayefikiri kwa Kiswahili, na huandikwa kwa mazoea ya Kifaransa. Ndiyo maana sekta moja huandikwa Wanyanga mahali pamoja na Wanianga mahali pengine, na Osso huandikwa pia kwa s moja.

Tahajia ni tatizo dogo. Kubwa zaidi ni kwamba jina moja hubeba vitu kadhaa. Masisi ni jina la teritwari, ni jina la mji ulio makao ya teritwari hiyo, na ni jina la zoni ya afya. Fauka ya hayo, katika enzi ya Zaire kile kilichokuwa teritwari chini ya Wabelgiji kiliitwa zoni, na katika miaka ya 1980 nchi ikagawanywa pia katika zoni za afya ambazo mipaka yake haikufuata ile ya utawala. Teritwari ya Masisi ina zoni za afya kadhaa, miongoni mwazo Masisi yenyewe, Kirotshe, Mweso na Katoyi. Kwa hiyo mtu anayefungua daftari la zamani na kukuta maneno "Zoni ya Masisi" hana budi kujua kwanza daftari lile lilikuwa la ofisi gani. Maneno yenyewe hayamwambii.

Leo majina haya yamo katika kompyuta. Wizara ya Afya ya Kongo hukusanya takwimu za zoni za afya kwa DHIS2, programu huria iliyotokana na mradi ulioanza Afrika Kusini mwaka 1994 na kuendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Ramani huria ya OpenStreetMap, ambayo hutumiwa na mashirika mengi ya misaada yanayotafuta njia za Kivu, iliihamishia data yake kuu katika PostgreSQL mwezi wa Aprili 2009. DHIS2 nayo hutumia PostgreSQL. Hivyo kijiji cha Walikale kinapoandikwa katika mojawapo ya mifumo hiyo, jina lake hupitia kichanganuzi kilekile kilichorekebishwa mwaka 2006. (Si majina tu. Tantali inayochimbwa Rubaya, katika Masisi, hutumika kutengenezea vihifadhi-umeme vidogo vya kompyuta, na Walikale hutoa bati, madini ambayo huunganishia vipande vya vyombo hivyo. Jambo hili limekwisha andikwa sana, na halihitaji kurudiwa hapa.)

Ritifaa inavyofunga na kufungua

Lugha ambayo kanzidata nyingi huisoma huitwa SQL. Ilibuniwa katika maabara za IBM mwaka 1974 na Donald Chamberlin na Raymond Boyce. Katika lugha hiyo maandishi ya kawaida, kama jina la mtu au la mahali, hufungiwa kati ya ritifaa mbili. Ritifaa ya kwanza hukiambia kichanganuzi: kuanzia hapa usitii, hifadhi tu. Ya pili husema: jina limekwisha, rudi kutii. Kila kilichomo kati ya hizo mbili ni data. Kila kilicho nje ni amri.

Mzungumzaji wa Kiswahili ataona mara moja mtego uliopo. Mtu akitaka kuandika aina ya mnyama katika daftari la mifugo la Masisi, ataandika 'ng'ombe'. Kichanganuzi kitasoma ng, kitakutana na ritifaa, kitafunga neno hapo, kisha kitashangaa "ombe" ni amri gani. Kanuni ya SQL ni kwamba ritifaa iliyo ndani ya neno irudiwe mara mbili, yaani 'ng''ombe', ili msomaji ajue kuwa hiyo si mlango bali ni sehemu ya ukuta. Maandishi sanifu ya Kiswahili, ambayo Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kuyasimamia mwaka 1930, yanaitumia ritifaa hiyo kutofautisha ng'o na ngo. Lakini mamlaka ya Kamati yaliishia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo, na katika Kiswahili cha Kivu neno hilo huandikwa mara nyingi "ngombe" tu. Kwa upande huu mmoja, tahajia ya Kivu ni rafiki mkubwa zaidi wa mashine.

Kistari nacho kina kisa chake. Osso-Banyungu likiwa ndani ya ritifaa halina taabu. Lakini mtengenezaji wa jedwali akilifanya kuwa jina la safu bila kulizungushia alama zinazotakiwa, kichanganuzi hukisoma kistari kuwa alama ya kutoa, kisha hutafuta kiasi kiitwacho Osso ili kipunguze humo kiasi kiitwacho Banyungu. Hili si kosa la programu. Ni kanuni inayojulikana, na aliyeisahau hujulishwa papo hapo.

Kosa halisi ni lile ambalo halimjulishi mtu.

Kosa la 2006

Ili kulielewa kosa hilo hapana budi kushuka chini ya herufi. Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi nambari zinazoitwa baiti, na mapatano kuhusu nambari ipi ni herufi ipi huitwa usimbaji. Mapatano ya kwanza yaliyoenea, ASCII ya mwaka 1963, yalikuwa na nafasi 128 tu, zikitosha Kiingereza na, kwa bahati, Kiswahili sanifu. Humo ritifaa ni nambari 39 na mkwaju wa nyuma ni nambari 92. Kwa Kifaransa nafasi hizo hazikutosha. Usimbaji uliotumika sana Ulaya Magharibi uliipa é nambari 233. Baadaye, mwaka 1992, ulibuniwa UTF-8, ambao huweza kuandika maandishi ya dunia nzima kwa kuunganisha baiti kadhaa kuwa herufi moja. Katika UTF-8 é huandikwa kwa baiti mbili, 195 na 169, ilhali baiti 233 peke yake si herufi. Ni tangazo kwamba herufi ya baiti tatu inaanza, na mbili zinafuata.

Sasa tuchukue neno la kila siku katika utawala wa Kongo: Cité, yaani mji mdogo. Karani ameliandika katika kompyuta ya zamani, kwa hiyo é yake ni baiti 233. Neno limefungwa kwa ritifaa. Kichanganuzi kinachodhani kwamba kinasoma UTF-8, tena kisichokagua, hufika kwenye 233, husubiri baiti mbili zaidi, na huimeza ritifaa ya kufunga kana kwamba ni kipande cha herufi. Mlango umetoweka. Jina halina mwisho, na maneno yanayofuata, ambayo yalikuwa amri, yameingizwa ndani ya jina.

Kinyume chake ni cha hatari zaidi. Katika usimbaji kadhaa wa Asia ya Mashariki, kama vile Shift-JIS wa Ujapani na Big5 na GBK wa Kichina, baiti ya pili ya herufi inaweza kuwa 92, nambari ileile ya mkwaju wa nyuma. Wakati huo PostgreSQL iliruhusu ritifaa iliyo ndani ya neno ilindwe kwa kutanguliziwa mkwaju huo, badala ya kurudiwa mara mbili. Programu nyingi zilizosimama kati ya mtumiaji na kanzidata zilifanya kazi hiyo bila kuuliza usimbaji ni upi: zikiona 39, huweka 92 mbele yake. Mtu mwenye nia mbaya angeweza kutuma nusu ya herufi, kisha ritifaa. Programu ya kati ingeongeza mkwaju. Kanzidata ingeunganisha ile nusu ya herufi na mkwaju kuwa herufi moja kamili, na ritifaa ingebaki uchi. Hapo jina lingefungwa mapema, na yote ambayo mtu yule aliyaandika baada yake yangesomwa kuwa amri: futa, badilisha, onyesha siri.

Ni muhimu kuona kwamba katika kisa hiki hakuna msomaji hata mmoja aliyekuwa mjinga. Programu ya kati ilisoma sawasawa kwa kanuni zake, na kanzidata ilisoma sawasawa kwa kanuni zake. Kosa lilikuwa katikati, pale ambapo wasomaji wawili wa maandishi mamoja walidhani kwamba wanasoma kwa mapatano mamoja.

Akio Ishida na Yasuo Ohgaki wa Ujapani ndio waliolibainisha tatizo, na miongoni mwa waliolirekebisha walikuwamo Tatsuo Ishii na Tom Lane, watu wawili waliokuwa wameutumikia mfumo huo kwa miaka mingi. Si ajabu kwamba liligunduliwa Ujapani. Mtu ambaye lugha yake inatoshea katika nafasi 128 hana sababu ya kulitilia shaka zulia analolikanyaga kila siku. Tarehe 23 Mei 2006 yakatolewa matoleo manne kwa mpigo, 8.1.4, 8.0.8, 7.4.13 na 7.3.15. Marekebisho yalikuwa mawili. La kwanza, kanzidata itakataa maandishi yoyote ambayo baiti zake hazilingani na usimbaji uliotangazwa. Hapo awali ukaguzi haukuwa sawa kwa kila usimbaji, na mara nyingine kanzidata ilitoa onyo tu na kuendelea. Sasa itasimama. La pili, ritifaa iliyotanguliziwa mkwaju haitakubaliwa tena pale ambapo usimbaji wa mtumaji unaweza kuuficha mkwaju ndani ya herufi. Atakayetaka ritifaa airudie mara mbili, kama SQL ilivyoagiza tangu hapo.

Dawa hiyo ilikuwa chungu kwa baadhi ya watu. Programu zilizofanya kazi jana zilikataliwa leo, na waliokuwa wamehifadhi maandishi machafu kwa miaka walilazimika kuyasafisha. Lakini waliorekebisha walichagua kwa makusudi msomaji anayekataa badala ya msomaji anayekisia.

Msimulizi wa Kinyanga na chuo cha Berkeley

Hapa pana sadfa inayostahili kutajwa. PostgreSQL ilianza mwaka 1986 kama mradi wa utafiti wa Michael Stonebraker katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa hapo, Andrew Yu na Jolly Chen, waliipa kichanganuzi cha SQL, na mwaka 1996, ikiwa imekwisha toka chuoni na kushikwa na wajitoleaji, ikapata jina lake la sasa. Chuo Kikuu kilekile cha California, kupitia shirika lake la uchapishaji, ndicho kilichotoa mwaka 1969 kitabu cha utendi wa Mwindo, ambao ni mali ya Wanyanga wa Walikale. Utendi huo ulisimuliwa mwaka 1956, kwa siku kumi na mbili, na Rureke, mwenye cheo cha usimulizi kiitwacho shé-kárịsị, na ukaandikwa na kuhaririwa na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Mateene, mwana wa Wanyanga mwenyewe, baadaye aliiongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala.

Kitabu kile kilichapisha matini ya Kinyanga pamoja na tafsiri, na Kinyanga chake kina alama juu ya irabu na nukta chini yake. Mchapaji wa 1969 aliweza kuzichonga alama hizo kwa risasi. Kompyuta ya 1986, katika chuo hichohicho, isingeliweza kuliandika jina la cheo cha Rureke bila kulivua nguo. Irabu ị huhitaji baiti tatu za UTF-8, yaani 225, 187 na 139, na msomaji asiyejua mapatano hayo ataona takataka tatu mahali pa sauti moja. Wale ambao bado wanadhani kwamba suala la usimbaji ni la Wajapani na Wachina peke yao wangefaa kulikumbuka jina hilo la Walikale.

Daftari lilelile, msomaji mwingine

Mwaka 1937 utawala wa Kibelgiji uliunda Ujumbe wa Uhamiaji wa Banyarwanda, uliojulikana kwa herufi zake MIB, ambao hadi mwaka 1955 uliwahamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwaweka hasa Masisi. Sababu zilizotolewa zilikuwa msongamano na njaa huko Rwanda, na haja ya nguvukazi katika mashamba ya walowezi wa Kivu. Uliundwa hata uchifu wao wa Gishari ndani ya Masisi, ukavunjwa mwaka 1957. Wahunde, ambao ardhi yao ndiyo iliyokatwa, waliona mamlaka ya mababu yao yakipungua bila wao kuulizwa. Kufuatia machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959 wakaja wakimbizi. Kabla ya wote hao, katika sehemu nyingine za Kivu, hasa Rutshuru, walikuwapo wasemaji wa Kinyarwanda ambao hawakuhamishwa na mtu yeyote, ila mpaka ndio uliowapitia.

Katika daftari za ofisi makundi hayo matatu mara nyingi yalibeba neno moja. "Munyarwanda" lilikuwa kama "Zoni ya Masisi": jina moja, vitu kadhaa, na msomaji ndiye wa kuamua.

Msomaji alikuwa sheria, na sheria ilibadilika. Kifungu cha 15 cha sheria ya tarehe 5 Januari 1972 kilisema kwamba watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950, na wakaendelea kuishi nchini, wamepata uraia tangu tarehe 30 Juni 1960. Kwa usomaji huo, mstari wa daftari unaoonyesha kwamba familia fulani ilifika Masisi mwaka 1938 ulikuwa ni ushahidi wa uraia. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ilikifuta kifungu hicho. Sasa ilimpasa mtu aonyeshe kwamba mmoja wa wazee wake alikuwa wa kabila lililokuwamo ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Kwa usomaji huu mpya mstari uleule, wenye tarehe ileile ya 1938, ukawa ushahidi dhidi ya mwenyewe. Kanuni za utekelezaji za mwaka 1982 zikaenda mbali zaidi na kuvibatilisha vyeti vilivyokwisha tolewa kwa mujibu wa kifungu cha 1972.

Hakuna herufi iliyofutwa katika daftari. Karani hakukosea. Kichanganuzi ndicho kilichobadilishwa.

Historia ya PostgreSQL ina tukio linaloweza kulinganishwa na hilo, na ulinganisho wenyewe unafaa kufanywa kwa uangalifu, kwa kuwa mistari ya msimbo haina watoto wala mashamba. Baada ya 2006 ilikuwa dhahiri kwamba mkwaju wa nyuma ulikuwa chanzo cha taabu, na kwamba sanifu ya SQL haikuupa maana yoyote ya pekee. Basi ikaamuliwa kwamba usomwe kama herufi ya kawaida. Lakini uamuzi huo ungebadilisha maana ya sentensi nyingi mno zilizokwisha andikwa duniani. Kwa hiyo ulitekelezwa polepole. Toleo la 8.1 la mwaka 2005 lilikuwa limekwisha leta alama ya kuwekwa mbele ya neno na yule anayetaka usomaji wa zamani. Toleo la 8.2, la Desemba 2006, lilianza kutoa onyo kila mkwaju ulipoonekana mahali penye utata. Ni katika toleo la 9.1 tu, mwezi wa Septemba 2011, ndipo usomaji mpya ulipofanywa kuwa wa kawaida, na hata hapo aliyehitaji wa zamani aliruhusiwa kuurudisha. Zaidi ya yote, kanuni mpya ilihusu sentensi zitakazosomwa baadaye. Jina lililokwisha hifadhiwa ndani ya kanzidata mwaka 2004 halikuguswa.

Sheria ya 1981 ilifanya kinyume katika mambo hayo yote. Haikuacha alama ya kumwezesha mtu kuomba usomaji wa 1972. Ilirudi nyuma na kuyagusa yaliyokwisha hifadhiwa. Na kwa kuwa kwa miaka kadhaa ilibaki zaidi katika maandishi kuliko katika utekelezaji, watu waliendelea kuishi na kadi zilezile mifukoni, wengine wakidhani kwamba bado zinasomwa kama zamani. Ilikuwa kanuni mbili zinazosoma daftari moja kwa wakati mmoja, ambayo ndiyo hali ileile iliyoifanya kanzidata ya 2006 kuwa hatari.

Mwaka 1991 serikali ilifanya zoezi la kuwatambua raia katika Kivu Kaskazini. Huko Masisi liligeuka kuwa fujo, kwani kila upande ulijua kwamba atakayesomwa vibaya siku hiyo atakosa kura, na atakayekosa kura hatakuwa na la kusema kuhusu ardhi. Wahunde na Wanyanga waliogopa kufanywa wachache katika nchi ya wazee wao. Wasemaji wa Kinyarwanda waliogopa kufanywa wageni mahali walipozaliwa. Tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi na kuchukua maelfu ya roho. Haitakuwa haki kusema kwamba daftari ndilo lililoua. Palikuwapo wanasiasa, palikuwapo ardhi, palikuwapo silaha. Ila hoja ya nani aitwe mwenyeji ilikuwa imewekwa tayari mikononi mwa wote hao, ikiwa imeandikwa kwa namna inayosomeka kwa njia mbili.

Sheria ya sasa ya uraia, ya tarehe 12 Novemba 2004, iliiacha tarehe ya 1885 na kuchukua wakati wa uhuru, mwaka 1960, kuwa kipimo. Nchi haijafanya sensa ya watu tangu ile ya 1984, na tangu maandalizi ya uchaguzi wa 2006 kadi ya mpigakura ndiyo ambayo kwa wengi imekuwa kitambulisho. Maana yake ni kwamba kuwamo katika kanzidata ya tume ya uchaguzi kumekuwa, kwa vitendo, ndiyo kuwamo. Uchaguzi wa Desemba 2023 haukufanyika katika teritwari ya Masisi kwa sababu ya vita vya M23.

Marekebisho ya 2025

Tarehe 4 Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Masisi mjini, na kabla ya mwezi kwisha wakaingia Goma. Mwezi wa Machi walifika Walikale mjini, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Mara nyingine watu walitawanyika, na mara nyingine orodha za waliotawanyika zikaandikwa upya, na karani mwingine, kwa tahajia nyingine.

Katika majira hayohayo wasimamizi wa PostgreSQL walilirudia kosa ambalo wengi walidhani limezikwa miaka karibu kumi na tisa iliyopita. Iligunduliwa kwamba yale maagizo ya programu ambayo kazi yake ni kuzilinda ritifaa zilizomo ndani ya neno yalikuwa yakiyapitisha maandishi yenye usimbaji mbovu bila kuyatilia shaka, na kwamba maandishi hayo yakipelekwa katika chombo cha amri cha mfumo huo, ritifaa ingeweza kubaki uchi kama zamani. Kanzidata ilikuwa imejifunza kukataa, lakini mlinzi wa mlangoni alikuwa bado anakisia. Matoleo yaliyosahihishwa, kuanzia 13.19 hadi 17.3, yalitoka tarehe 13 Februari 2025.

Baada ya siku saba tu, tarehe 20 Februari, ikabidi yatolewe mengine, kwa sababu marekebisho yenyewe yalileta kosa jipya. Maagizo yale, yakiwa sasa yanakagua kila herufi kwa bidii, yalikuwa yameacha kuuheshimu urefu wa neno yaliotajiwa na aliyeyaita, na mara nyingine yaliendelea kusoma hata baada ya jina kwisha.